Kipimajoto cha Jikoni: Kukichagua, Kukijaribu na Kumpima Kuku wa Kuchoma

Karibuni jikoni. Hapa tuna kuku mzima wa kisasa, mkaa umeshakolea, na hiki chenye sindano ndefu ndicho kipimajoto cha chakula.

Kwa nini tupime? Mkaa huunguza ngozi haraka kuliko joto linavyopenya ndani. Kuku anaweza kung'aa rangi ya kahawia nje, kumbe pale paja linapoungana na mwili nyama bado mbichi, na bakteria wa salmonela, wanaoharisha, wako hai. Rangi ya nyama nayo haiaminiki. Kuku wa kisasa huchinjwa mifupa ikiwa bado haijakomaa, hivyo rangi ya uboho huvuja na kuacha wekundu jirani na mfupa hata kwa kuku aliyeiva vizuri.

Tuanze na kununua. Kwenye maduka ya vyombo Kariakoo unaweza kuonyeshwa aina tatu. Kile cha mshale, chenye uso kama saa, hakitumii betri, lakini sindano yake lazima izame sentimita 5 au zaidi ndipo kisome sawasawa. Kwa mshikaki au kipande cha samaki hakifai. Cha pili ni kile cha kuelekeza kama bastola: kinasoma uso wa kitu tu, kwa hiyo kinafaa kupima kikaango, si ndani ya nyama. Sisi tunashauri cha tatu, cha tarakimu chenye sindano nyembamba, maana kihisio chake, yaani sehemu inayohisi joto, kiko kwenye ncha. Angalia kinapima mpaka nyuzi 200 au zaidi, sindano ina urefu wa sentimita 10 hivi, na kina kitufe cha kubadili Selsiasi na Farenhaiti. Hakikisha herufi C inaonekana kwenye kioo. Mtu akisoma 74 ilhali kifaa kiko kwenye F, hiyo ni nyuzi 23 tu za Selsiasi, yaani kuku wa baridi kabisa.

Kile cha kupimia homa usikilete jikoni. Kinaishia kwenye nyuzi 42 au 43, na cha kioo kikipasukia chakulani, chakula chote ni cha kumwaga.

Kabla hujakitumia, kijaribu. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Chukua barafu ya mfukoni, ifunge kwenye kitambaa safi, iponde iwe chenga. Jaza glasi mpaka juu, kisha mimina maji kidogo ya kuziba mianya tu. Koroga, subiri dakika 2. Tazama hapa: ncha iko katikati ya barafu, haigusi ubavu wala kitako cha glasi. Tarakimu zinashuka… 4… 2… zimetulia kwenye 0.3. Kizima. Tofauti ya nyuzi 1 juu au chini haina shida. Kosa la kawaida ni kutia vipande vitatu vya barafu kwenye maji mengi. Maji hayo yanabaki nyuzi 5 au zaidi, halafu lawama inaangukia kifaa.

Unaweza pia kujaribu kwa maji yanayotokota. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kisome 100. Anayetufuatilia kutoka Arusha atapata kama 95, na Mbeya kama 94, kwa sababu ya mwinuko. Si ubovu.

Sasa kuku. Osha sindano kwa sabuni na maji ya moto. Ingiza kwenye sehemu nene ya paja, upande wa ndani, ukielekea kwenye maungio. Ukihisi ncha imegonga kitu kigumu, huo ni mfupa. Vuta nyuma kidogo, kwa sababu mfupa unadanganya kipimo. Isukume polepole huku ukitazama kioo: namba ya chini kabisa unayoikuta ndiyo joto la kuku wako. Hapa inasoma 68. Bado, tunataka 74. Tunamrudisha, tunasogeza mkaa pembeni ngozi isiungue, na tunaosha sindano, maana imetoka kwenye nyama isiyoiva. Baada ya dakika 10 paja la kulia 76, la kushoto 75, kidari 77. Tulikuwa tunatafuta 74 kila mahali, basi anaepuliwa.

Nyama nyingine haraka haraka: kima, kababu na katlesi za nyama ni 71, kwa kuwa kusaga kumeingiza vijidudu vya nje mpaka ndani. Samaki ni 63. Kipande kizima cha ng'ombe ni 63, kisha kipumzike dakika 3. Mshikaki uchome sindano kwa ubavu, sambamba na kijiti, ili ncha iishie katikati ya mnofu.

Mafuta ya maandazi yawe kati ya 170 na 180. Chini ya hapo maandazi yananyonya mafuta, juu ya hapo yanaiva nje ndani kubichi. Ncha isiguse karai.

Na kiporo cha pilau: koroga, pima katikati ya sufuria, si pembeni, mpaka 74. Lakini wali uliolala mezani usiku kucha usiuokoe kwa moto, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria haziharibiki kwa kuchemsha. Uingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kwenye joto la Januari na Februari linalopita nyuzi 32, ndani ya saa 1.

Ukimaliza, osha sindano peke yake, kichwa kisizamishwe majini. Futa, rudisha kwenye ala yake. Namba zikianza kufifia kwenye kioo, badilisha betri, kisha ponda tena barafu na ukijaribu.