Taa Ilikuwapo, Mlango Haukuonekana: Serikali na Usalama wa Bandari ya Sydney

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, na ninyi vijana wa bandarini mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie utawala na usalama wa bandari katika makoloni ya Mwingereza karne ya 19. Makoloni yalikuwa mengi, na nikisema niyapitie yote tutakesha. Nimechukua moja tu, New South Wales ya huko Australia, nalo kwa sehemu kubwa ni habari za Sydney.

Tuanze na usiku wa tarehe 20 Agosti 1857. Meli ya tanga Dunbar imetoka Plymouth mwisho wa Mei na imebeba watu 122. Wengi wa abiria wake ni wenyeji wa Sydney waliokwenda kutembea Uingereza, sasa wanarudi kwao. Nahodha James Green bandari anaijua, amekwisha kuingia humo mara kadhaa. Lakini usiku ule ni mvua, giza na dhoruba inayoisukuma meli kuelekea nchi kavu. Angeweza kubaki nje mpaka kuche. Akaamua kuingia.

Karibu saa sita za usiku mabaharia wa mbele wakapiga kelele kwamba wanaona mawimbi yanavunjika. Kukata usukani hakukusaidia tena. Meli ikapigwa ubavu kwenye genge la mwamba, karibu na mahali panapoitwa The Gap, ikavunjikavunjika. Watu 121 wakafa. Aliyepona ni baharia kijana, James Johnson, aliyetupwa na wimbi kwenye kibaraza cha mwamba. Alikaa pale muda wa saa 36 hivi, genge juu yake na bahari chini yake, na watu wa mji wamejaa huko juu wakitazama maiti na mbao bila kujua kuwa chini yao kuna mtu hai. Alipoonekana, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi wa saa akakubali kufungwa kamba na kuteremshwa kumchukua.

Sasa mtaniuliza: je, hapakuwa na mnara wa taa? Ulikuwapo. Ulikuwa na umri wa karibu miaka 40, na usiku huo taa yake ilikuwa inawaka. Jambo hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii.

Mnara ule uliamriwa na Gavana Lachlan Macquarie mwaka 1816. Enzi hizo gavana alikuwa kila kitu. Bunge hakuna, baraza la kumhoji hakuna, na barua ya kwenda London na kurudi ilichukua karibu mwaka mzima. Wakubwa wa huko walikuwa wakimnung'unikia kwa kupenda kujenga, yeye akaendelea kujenga. Msanifu wake alikuwa mfungwa, Francis Greenway, aliyehukumiwa kwa kughushi hati. Greenway alilalamika mapema kwamba jiwe walilopewa ni laini. Haikusaidia. Taa ikawashwa mwaka 1818, ya kwanza Australia, na haikuchukua miaka mingi mawe yakaanza kumomonyoka, mnara ukafungwa mikanda ya chuma usianguke.

Ila mimi kosa la jiwe sioni kuwa ndilo kubwa. Tazameni mahali uliposimama. Mnara uko kilomita mbili hivi kusini ya mlango wa bandari. Meli inayotoka kusini huiona taa, huipita ikiwa upande wa kushoto, kisha nahodha akadirie mwenyewe ni wapi pa kukata kuingia. Ndani ya mlango kulikuwa na chombo chenye taa kilichotiwa nanga kwenye mwamba uitwao Sow and Pigs, lakini hicho hukioni mpaka umekwisha kuingia. Mchana, kazi hiyo si ngumu. Usiku wa dhoruba, kati ya taa na mlango palikuwa na magenge meusi bila alama yoyote, na The Gap, mahali genge liliposhuka, ungeweza kudhani ndiyo njia. Taa ilikuambia umefika Sydney. Pa kuingilia haikukuambia. Na mabaharia walilijua hilo kwa miaka yote 40.

Nipige pembeni kidogo, maana yumo mtu ambaye hapa kwetu hatajwi. Mwaka 1811, Macquarie huyohuyo alimpa kazi ya kulinda maji ya bandari Billy Blue, mtu mweusi mwenye asili ya Kiafrika, aliyefikishwa Sydney akiwa mfungwa kwa kesi ya kuiba sukari. Alipewa nyumba ufukweni awe macho ya serikali, akivusha watu kwa mashua. Mwaka 1818 akakamatwa na magendo ya pombe, kazi ikaisha. Rasi aliyoishi bado inaitwa Blues Point. Basi usalama wa bandari, siku hizo, ulikuwa ni mtu mmoja mwenye mashua na jicho la gavana. Turudi.

Baraza lililochunguza vifo vya Dunbar lilisema huenda palikuwa na kosa la kukadiria, kuikaribia nchi kavu usiku ule, lakini halikumlaumu nahodha wala maofisa wake. Ni uungwana, kwani nahodha alikuwa amekufa. Lakini kama si yeye, ni nani? Hapo ndipo utawala unapokosa uso. Koloni lilikuwa limepata madaraka ya mambo ya ndani mwaka mmoja tu nyuma, na tangu Juni 1856 hadi Septemba 1857 ziliingia madarakani serikali nne. Serikali iliyokuwa madarakani Dunbar ilipovunjika ilianguka wiki chache baadaye, kwa mambo mengine kabisa. Marubani wanaoziongoza meli kuingia bandarini, minara, boti za uokoaji, kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa ofisi.

Halafu Oktoba mwaka uleule, Catherine Adamson ikavunjika upande wa pili wa mlango, nayo ilikuwa na rubani ndani yake. Watu wapatao 20 wakafa. Sasa hata wasiopenda kutumia fedha wakakubali. Mwaka 1858 ukasimama mnara mdogo wenye michirizi myekundu na myeupe kwenye ncha ya ndani ya South Head, rasi ya upande wa kusini, pale pale penye mlango. Gavana Denison aliupa jina Hornby, ukoo wa mkewe. Upo hadi leo. Mdogo hivyo, na kwa miaka 40 hakuna aliyeujenga.

La pili lililofanyika, kwa maoni yangu, lilikuwa na uzito kuliko taa. Mwaka 1863 waliweka mtu mmoja juu ya marubani, minara na bandari zote za koloni: Francis Hixson, aliyewahi kupima pwani akiwa katika jeshi la maji. Hixson alitaka pwani nzima iwake kama barabara yenye taa. Tangu hapo, jambo likiharibika, kulikuwa na jina la kuuliza.

Na halikukawia kuharibika. Kaskazini ya Sydney ipo Newcastle, bandari ya makaa ya mawe, yenye mlango mbaya na fungu la mchanga liitwalo Oyster Bank. Tarehe 12 Julai 1866 stima Cawarra, iliyokuwa ikienda Queensland, ikakimbilia humo kujificha na dhoruba, ikanasa. Watu 60 wakafa, mashua ya uokoaji ikichelewa mbele ya macho ya mji. Mmoja akaokolewa, Frederick Hedges. Miongoni mwa waliomvuta kutoka majini alikuwa mfanyakazi wa mnara wa taa wa hapo, James Johnson. Ndiyo, yule yule wa Dunbar.

Mwaka 1872 ikaanza kazi Bodi ya Bahari ya koloni, Hixson akiwa rais wake, na kiti hicho alikikalia mpaka 1900. Mwaka 1883 mnara mpya wa Macquarie, uliochorwa na James Barnet kwa kufuata sura ya ule wa Greenway, ukawashwa kwa umeme hatua chache tu kutoka ule uliochakaa. Huko Newcastle walirefusha ukuta wa kuzuia mawimbi upande wa kaskazini, wakaupitisha juu ya fungu lenyewe na juu ya mabaki ya meli zilizozama hapo, Cawarra ikiwamo.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Kama kuna rubani humu ndani, ningependa yeye aanze kuuliza.