Sahihi na Kitabu Chake

Ndugu wasikilizaji, mkusanyaji akiletewa riwaya iliyotiwa sahihi na mwandishi, macho yake hukimbilia sahihi hiyo. Mimi ningependa yachelewe kufika huko, kwa sababu sahihi haiigeuzi chapa ya tano, yaani nakala zilizochapwa katika awamu ya tano, ikawa ya kwanza.

Wauzaji wa vitabu adimu wanapotaja toleo la kwanza, hukusudia chapa ya kwanza ya toleo hilo. Wachapishaji wengi wa Marekani na Uingereza huweka, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, safu ya tarakimu ambayo hupunguzwa kila kitabu kinapochapwa upya, hivyo tarakimu ndogo kuliko zote iliyosalia ndiyo inayoitambulisha chapa. Kanuni hiyo ina wakaidi wake: kwa miaka mingi Random House ilianza safu yake kwa 2, na chapa ya kwanza ikajulikana kwa maneno ya kutangaza toleo la kwanza, ambayo yaliondolewa katika chapa zilizofuata.

Kisha iangaliwe karatasi inayovikwa juu ya jalada, ambayo wanunuzi wa zamani waliitupa bila kusita. Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ya 1925 iliyobaki na karatasi yake huuzwa kwa bei inayoizidi mara nyingi ile iliyoipoteza.

Hapo ndipo tuifikie sahihi. Iliyoandikwa kwenye ukurasa wa jina wenyewe huthaminiwa kuliko ile iliyo kwenye kibandiko, au kwenye karatasi ambazo mwandishi alizisaini kwa mafungu kabla hazijaunganishwa na kitabu, maana huenda kitabu chenyewe hakukigusa kamwe. Wala tamko la mchapishaji si kinga kamili: mwaka 2022, Simon & Schuster iliwarudishia fedha wanunuzi wa kitabu cha insha cha mwanamuziki Bob Dylan, kilichouzwa kuwa kimesainiwa kwa mkono ilhali sahihi ilipigwa na mashine.

Wakusanyaji wengi wapya huzikwepa nakala zenye jina la mtu aliyeandikiwa, wakidhani zimechafuliwa. Hapa natofautiana nao. Jina hilo likiwa la mhariri wa riwaya au la mwandishi mwenzake, na tarehe ikiwa ya juma lile lile kitabu kilipotoka, nakala hiyo yaweza kuzishinda kwa bei nakala kumi zenye sahihi tupu, na ni vigumu zaidi kuighushi.