Shilingi Katikati ya Magoti

Kabla sijaanza, simameni. Kila mtu abane magoti na vifundo vya miguu kama aliyeficha shilingi katikati ya magoti. Hivyo hivyo. Kaeni, shilingi hiyo tutairudia.

Leo mnajifunza kutua kwa mwavuli mkiruka kutoka kwenye ndege, na nyote mnataka kuniuliza: mwavuli usipofunguka je? Una wa akiba mgongoni. Hilo halininyimi usingizi. Ninachoogopa ni mita 3 za mwisho, mwavuli ukiwa mzima kabisa juu ya kichwa chako. Huko ndiko wanafunzi wanakovunjika vifundo, miundi, viganja, na mara nyingine pingili ya mgongo, hapa juu kidogo ya kiuno.

Mguu wangu huu wa kulia ni shahidi. Mruko wa tano. Mwalimu redioni anasema, "Subiri, subiri." Mimi nimekodolea macho mchanga kati ya viatu vyangu, naona unanijia mbio, nikavuta breki zote mbili, zile kamba za mikononi za kupunguza kasi ya mwavuli, nikiwa bado juu kama dari la nyumba. Nilikuwa nimewahi mno, lakini hapo ningepona bado. Ningeshikilia mikono palepale ilipofika, kisha nimalizie kuvuta karibu na ardhi. Badala yake nikaachia. Mwavuli ukiachiwa breki ghafla hivyo huchomoka mbele na kuinama, nawe unafuata. Mtu akianguka mita 3 bila kizuizi hufika chini kwa kilomita 28 hivi kwa saa. Bodaboda ikikugonga kwa kasi hiyo, utauliza kwa nini mfupa umevunjika?

Kwa hiyo usitazame miguu. Tazama mbali, kule mbingu inapogusana na bahari.

Kuna tabia nyingine, na hii karibu kila mtu anazaliwa nayo. Ukihisi unalalia kulia, mkono wa kulia hutoka kuitafuta ardhi. Lakini mkono ule umeshika breki! Ukiushusha, mwavuli unageuka kulia zaidi, unakupeleka kulekule unakokukimbia. Mikono sawa, jamani, hata moyo ukikataa.

Hapa Diani upepo wa kusi ukikaza, kuna siku utajikuta unatua nao mgongoni. Ardhi itapita chini yako kwa kasi ya kutisha, utatamani kugeuka. Usigeuke. Ukikata kona chini chini, mwavuli unapiga mbizi. Heri uburuzwe mchangani na nguo zichanike.

Na mchanga usiwadanganye kwa ulaini wake. Mguu ukitangulia mmoja, kiatu kinazama, mwili unaendelea, kifundo kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo maana ya shilingi. Miguu ikifika pamoja, unaanguka kwa upande: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, ubavu wa mgongo. Askari wa miavuli wamefunzwa kuanguka namna hii tangu Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna aliyewacheka.

Ninyi mnaona haya kuanguka kwa sababu rafiki yako yuko ufukweni ameshika simu, anarekodi. Mimi nilirekodiwa nikijaribu kutua wima. Video ninayo, sauti nimeizima.

Haya, benchi la kufanyia mazoezi ya kuruka na kuanguka liko pale nje, urefu wake haufiki mita 1. Mwenye ndala avae viatu. Tutaanza na wewe uliyecheka.