Mlima umehama

ZUHURA: Haya jamani tumerudi, leo mnivumilie, nimetua juzi alfajiri na shangazi kashaninunia.

BARAKA: Toblerone.

ZUHURA: Toblerone, ile chokoleti ya Uswisi yenye mlima kwenye pakiti! Transiti Dubai masaa matano, nimezunguka dyuti-frii mpaka miguu imevimba, nikabeba sita zile za gramu 360, kila nyumba moja, natua Dar begi likakaa kwenye buti kutoka Terminali 3 mpaka Mbagala na ile foleni, shangazi anafungua anakuta uji.

BARAKA: Mlima umehama!

ZUHURA: Usianze.

BARAKA: Si wenyewe walianza? 2023 wameutoa Matterhorn, ule mlima wa Uswisi, kwenye pakiti, kisa nyingine zinatengenezwa Slovakia, na sheria ya Uswisi haitaki upambe pakiti na alama za taifa wakati kiwanda kiko kwa watu. Wakachora mlima tu, wowote. Sasa fikiria waguse Kilimanjaro...

ZUHURA: Wakenya watasema ni wao, tusiende huko.

BARAKA: Tumeshafika! Ya shangazi ikiganda itakuwa Usambara, imelala lala.

ZUHURA: Kaiweka frijini na kambale.

BARAKA: Usambara yenye bwawa la samaki!

ZUHURA: Na unamjua, maboksi yote matupu ya zamani kayapanga kabatini na vyombo vya wageni, hili sijui ataliweka wapi limejaa mafuta.

BARAKA: Ndo maana nakwambiaga nunua Kariakoo, weka mfuko wa dyuti-frii, peleka.

ZUHURA: Huo utapeli.

BARAKA: Chokoleti si ile ile? Nani kaumia?

ZUHURA: Baraka, mtu anataka ajue ulivyokuwa kule umechoka, unasinzia, ulimkumbuka.

BARAKA: Na mimi nimemkumbuka Msimbazi juani nagombania bei, kwani hiyo sio kumkumbuka?

ZUHURA: Basi mwambie ni ya Kariakoo.

BARAKA: Nikimwambia hali.

ZUHURA: Enheee!

BARAKA: Enhee nini, hapo tatizo lake sio langu.

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Na mi sikubali, tulale hapa hapa.

ZUHURA: Ona sasa, dakika mbili zimebaki na tuliahidi mambo matatu ya kuangalia ukinunua. Haraka, Nutella, ile chokoleti ya kupaka mkate, usiweke begi la mkononi, viwanja vingi wanaihesabu kama kimiminika, ikizidi mililita 100 unaiacha kwenye ukaguzi, inauma...

BARAKA: Moja hiyo. La pili?

ZUHURA: La pili joto, yaani... eh, shangazi anapiga.

BARAKA: Pokea! Pokea hapa hapa!

ZUHURA: Shikamoo shangazi... eeh... imeganda? Alhamdulillahi... Hapana shangazi, Dubai... wallahi Dubai!

BARAKA: Anasemaje?

ZUHURA: Katoa boksi la zamani kabatini kalinganisha. Anasema mlima sio ule, eti nimenunua Kariakoo.

BARAKA: (anacheka, hasikiki)

ZUHURA: Zima maiki. Baraka, zima.