Kivinjari Kikikuambia Nywila Yako Imevuja

Shikamooni wazee wangu. Vijana wenzangu, habari za mchana. Namshukuru mwenyekiti kwa kunialika hapa Mwanga, Kigoma, na nawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu Ujiji, Gungu na Kibirizi mkaja kusikiliza habari za nywila, yaani neno la siri au password, kwenye jua hili.

Swali nililopewa ni hili. Umefungua Chrome, kile kivinjari cha Google cha kufungulia tovuti, kwenye simu, mara linakuja onyo: nywila yako imekutwa kwenye data zilizovuja, ibadilishe. Ni kweli au ni matapeli? Najua mmechoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", ndiyo maana mnashuku kila kitu. Endeleeni kushuku. Ila onyo la kweli lina alama yake: kama nywila hiyo umeihifadhi humo, hata ukilifunga, utalikuta tena ukiingia mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya manenosiri. Lile linalojaza kioo kizima, linalia kama king'ora na kukutaka upige simu au upakue programu ya kuondoa virusi, huo ni ukurasa wa wezi. Ufunge, basi.

Kivinjari kinajuaje? Makampuni huibiwa. Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, waliibiwa mwaka 2013, akaunti zaidi ya milioni 150. LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi, waliingiliwa 2012, na mwaka 2016 data za akaunti zaidi ya milioni 100 zikawa zinauzwa mtandaoni. Mafungu kama hayo huzunguka kwa wezi, na wataalamu wa usalama wa mtandao nao huyapata. Desemba 2013 Troy Hunt, Mwaustralia, alianzisha Have I Been Pwned, ambako mtu anaweza kuangalia kama barua pepe yake imo. Chrome wakaweka ukaguzi ndani ya kivinjari chenyewe Desemba 2019, Apple, wenye iPhone, wakafuata 2020.

Pale mlangoni mzee mmoja ameniuliza: ili walinganishe nywila yangu na zile zilizovuja, si lazima niwape? Hapo ndipo penye utamu. Chukueni huduma ya Have I Been Pwned ya kukagua nywila. Nywila yako inasagwa kwa hesabu, humo humo kwenye kifaa chako, inatoka mfululizo wa herufi na tarakimu 40. Ni kama muhogo ukishakuwa unga: huwezi kuurudisha ukawa muhogo. Kinachotumwa ni alama 5 za mwanzo tu. Kule wanakurudishia orodha ndefu ya nywila zilizosagwa zinazoanza na alama hizo hizo, halafu kifaa chako kinatafuta chenyewe kama yako imo. Wao hawajui ulikuwa unatafuta ipi. Chrome wana njia yao, ngumu zaidi, lakini shabaha ni ileile: kulinganisha bila kukabidhi.

Kwa hiyo mimi naliamini onyo. Ninachopinga ni namna tunavyolisoma. Halisemi kwamba mtu ameshaingia kwenye akaunti yako. Halisemi hata kwamba tovuti unayoifungua ndiyo iliyovujisha. Chrome huangalia jina la mtumiaji na nywila kwa pamoja. iPhone huangalia nywila peke yake, kwa hiyo kama yako ni "Tanzania1", huenda aliyevujiwa ni mtu mwingine kabisa. Bado ibadilishe, maana imo kwenye orodha ambazo programu za wezi hujaribia tovuti moja baada ya nyingine. Na ukimya nao usikudanganye: wizi ambao haujajulikana hauwezi kutolewa onyo.

Sasa tuje nyumbani. Kijana anataka kuomba mkopo wa chuo, anakwenda steshenari. Anayehudumia anamfungulia barua pepe, anamwekea nywila ya jina lake na mwaka wa kuzaliwa, anaiandika kwenye daftari la kaunta. Kompyuta inauliza kama ihifadhi, inajibiwa ndiyo. Mwaka unaofuata nywila hiyo hiyo inatumika kuombea ajira, na Facebook pia. Siku kompyuta ile ikitoa onyo, analiona mwenye steshenari. Mwenye akaunti yuko Kasulu, hana habari. Hapo onyo ni la kweli kabisa, na halimsaidii mtu. Jamani, ukitoka steshenari, badilisha nywila kwa simu yako mwenyewe siku hiyo hiyo. Anza na barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe anaweza kuomba kubadilisha nywila za kwingine kote.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kuandika nywila kwenye karatasi. Mama yangu, andika, weka ndani pamoja na vyeti. Mwizi wa mtandaoni haoni kabati lako. Na ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa namba nyingine baada ya nywila, Google watakupa namba 10 za akiba za kuingilia. Nazo zinakili hapo hapo, kwa sababu laini ikipotea, namba inayotumwa kwa meseji haitakufikia.