Saikolojia ya majaribio inalipa? Nawajibu watu wangu wa Tanga

Haya, wakubwa shikamooni. Wenzangu wa Makorora, Chumbageni na Ngamiani yote, mambo vipi? Leo tunaongelea shule, maana mmenisumbua: hiyo saikolojia ya majaribio unayosoma huko Ohio ndiyo nini, na inalipa?

Kwanza shangazi zangu mnisamehe, mimi sitibu mtu. Juzi mmoja kanipigia, anataka niongee na binamu yangu, ndoa inayumba. Shangazi, leseni sina, na shahada hii hainipi. Wanaotibu ni wa saikolojia ya kliniki. Sisi tunapima. Mtu anakaa kwenye kijumba kisicho na dirisha, macho kwenye skrini. Linatokea neno “nyekundu” lililoandikwa kwa kijani, naye anatakiwa abonyeze rangi anayoiona, si neno analosoma. Hapo anachelewa kidogo tu, sehemu ya sekunde. Kidogo hicho ndicho tunachokitafuta. Mwanasaikolojia Mmarekani, Stroop, alilichapisha jaribio hilo mwaka 1935, mpaka leo tunalo.

Kuhusu hela, PhD nyingi za fani hii hapa Marekani zinalipiwa: ada inafutwa, unapata posho, nawe unafundisha au unafanya kazi maabara. Ni miaka mitano hivi, na posho yenyewe ya kubana. Masta mara nyingi unajilipia. Mtu asiuze shamba la minazi Pangani kwa ajili ya masta. Mawakala wa vyuo watanuna, wanune.

Uprofesa nafasi ni chache, wahitimu wengi. Mimi jicho langu liko kwingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za kivita za B-17 walikuwa wanatua vizuri, halafu wanakunja magurudumu badala ya flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa yanayosaidia ndege kutua. Ndege chini pwaa! Wakaitwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akachungulia pale wanapokaa, akakuta swichi mbili zinafanana na zimepakana. Akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja, na kipande chenye umbo la kabari kwenye nyingine. Hata gizani mkono unajua.

Kazi hiyo ipo mpaka leo: viwanda vya ndege, vifaa vya hospitali, programu za simu. Na nyumbani je? Mtu akituma hela namba siyo, tunamwambia hayuko makini. Mimi nataka kwanza nione ile menyu. Halafu NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapo hapo hapo Tanga, na kituo chao cha Amani kule Muheza. Malaria haitaki dawa peke yake. Inataka pia anayejua kupima kama watu kweli wanalalia chandarua, au wanamjibu mhoji aondoke.

Ila ukikimbilia huku kukwepa hesabu, umepotea njia. Mwaka 2015 ilitoka kazi ya watafiti waliorudia majaribio 100 ya saikolojia, na yaliyotoa tena matokeo yale yale ni theluthi moja na ushee. Kwa hiyo takwimu, pamoja na R na Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, uzijue. Hizo ndizo mwajiri atakazokuuliza.

Maombi mengi hufungwa Desemba. Ukifika Agosti uwe umeshasoma kazi za maprofesa watatu wanne na kuwaandikia, barua fupi tu. Uliza kama mwaka huo anachukua mwanafunzi, maana kama hachukui, ada ya maombi hairudishwi.