Sukari Imeondoka, Chakula Hakijaja

Ndugu zangu, mlionisikia siku za nyuma mnivumilie, maana nikizungumzia vitamu bandia, vile vinavyowekwa badala ya sukari, naanza na Fahlberg yule yule. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg alikuwa mkemia katika maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akichezea kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Jioni akaenda kula bila kunawa. Mkate mtamu! Akajifuta mdomo, kitambaa kitamu. Akalamba kidole gumba, kitamu kushinda vyote. Akaacha chakula, akarudi maabara kuonja chombo kimoja baada ya kingine. Mimi ningemfukuza kazi siku hiyo hiyo. Yeye akapata sakarini, kimoja cha vitamu hivyo. Aspatame, kitamu kingine, nayo mwaka 1965: James Schlatter alikuwa katika utafiti wa dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole achukue karatasi. Mnacheka, lakini angalieni: hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta lishe. Vitamu hivi vilipatikana kwa ulimi, na mpaka leo vinaridhisha ulimi tu.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusivitumie kudhibiti uzito: kwa muda mrefu havipunguzi mafuta mwilini, na matumizi ya miaka mingi yamehusishwa na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Najua yupo atakayesema, "Wanaovitumia ni wale ambao tayari uzito umewazidi, na uzito ndio unaowauguza." Sawa, hoja ina nguvu, na ndiyo maana shirika lenyewe liliuita ushauri wa masharti, yaani usio na uhakika kamili. Ila hoja hiyo haimpunguzii mtu hata kilo moja! Na ninyi wenye kisukari, ushauri ule haukuwahusu. Msitoke hapa mkarudia sukari mkisema mimi ndiye niliyewaruhusu.

Saratani? Julai 2023 aspatame iliwekwa kundi la "huenda inasababisha", na kamati nyingine ikabakiza kiwango kile kile kinachokubalika kuliwa, cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Tusikeshe hapo.

Kinachoniudhi ni kinywaji kisicho na sukari, na kisicho na kingine chochote pia. Tunda nalo ni tamu, lakini sukari yake imo ndani ya nyuzinyuzi, huingia damuni polepole, ikifuatana na potasiamu na vitamini C. Mtu mzima anahitaji walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Bakteria wa utumbo mpana ndizo wanazokula. Protini na madini ya chuma nilitaka kuyafikia, lakini mwenyekiti ameshaanza kukohoa.

Haraka basi: wenye ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kuvunja fenilalanini, ambayo imo ndani ya aspatame, aspatame ni marufuku kwao. Na pipi za sorbitoli, kitamu kingine cha badala ya sukari, someni maandishi madogo kwenye pakiti. Sorbitoli huvuta maji utumboni, na anayemaliza pakiti nzima ajue choo kiko wapi.